Chupa moja kati ya 56: kisa cha sangara wa kusindikwa kando ya ziwa

Kisa hiki kilitokea kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza. Jina la kikundi, mwalo na wateja nimeyaacha, na wahusika wameridhia kiandikwe. Mimi niliitwa kama mshauri wa usindikaji, mambo yakiwa yameshafika mbali. Ninayosimulia kuhusu wiki za mwanzo nimeyatoa kwenye daftari lao la uzalishaji, na daftari hilo ndilo lililotuokoa.

Usuli

Kikundi kina wanawake 11. Kwa miaka kadhaa wamekuwa wakinunua sangara wadogo na vipande vinavyobaki, wakikaanga na kuuza jioni. Samaki akikosa mteja leo, kesho hana bei, na friji ya kukodi umeme ukikatika ni hasara juu ya hasara. Wakaamua kusindika: vipande vya sangara vilivyokaangwa, rojo la nyanya, kitunguu na pilipili, ndani ya chupa za glasi zenye mdomo mpana, za kama theluthi moja ya lita. Lengo lilikuwa chakula kinachokaa miezi bila friji, kiuzwe kwa wasafiri wa mabasi na kwenye maduka ya mjini.

Wazo lilikuwa zuri, na bado naliamini. Ila samaki ndani ya chupa iliyofungwa si sawa na jamu ndani ya chupa iliyofungwa. Jamu ina sukari na asidi. Samaki hana asidi ya kutosha, ana maji tele, na chupa ikichemshwa na kufungwa, ndani haibaki hewa. Hayo matatu kwa pamoja ndiyo anayoyataka Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza sumu ya kupooza misuli, hadi ile ya kupumulia. Anaishi kwenye udongo na kwenye matope ya maziwa na bahari duniani kote. Samaki wa ziwani, kitunguu cha shambani, pilipili: njia za kuingia ni nyingi.

Mambo yalivyokwenda

Kundi la kwanza lilikuwa chupa 60. Walizipanga kwenye sufuria kubwa, maji yakafika shingoni, wakachemsha dakika 45. Siku ya tisa kifuniko cha kwanza kilituna. Wiki ya tatu chupa zilizotuna zilikuwa 14.

Walikaa kikao. Vifuniko vilikuwa vya kurudia, vingine mpira wake umeshachoka, hivyo wakaamua kosa ni la vifuniko. Wakanunua vipya, na kwa tahadhari wakaongeza muda wa kuchemsha hadi saa mbili. Kundi la pili, chupa 60 tena, lilitoa chupa 5 zilizotuna.

Ndipo mwanachama mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati akasema, “Kule vifaa vya kushonea vidonda hatukuvichemsha tu, tuliviweka kwenye presha.” Alikuwa sahihi kabisa, na nataka nimpe haki yake hapa. Wakaazima presha kuka ya lita 10 inayoingia chupa saba kwa mkupuo. Waliijaza, wakafunga, wakaweka kizito juu, wakapika dakika 30 tangu mluzi wa kwanza, juu ya mkaa. Mikupuo minane, chupa 56.

Safari hii ilituna chupa moja tu.

Mwenyekiti aliniambia baadaye, “Mwanangu, siku ile tulipiga vigelegele.” Kutoka 14, kwenda 5, kwenda 1. Nani asingefurahi? Walianza kuuza. Katika wiki mbili chupa 31 zilikuwa zimeshaondoka.

Kisha mteja mmoja akapiga simu. Chupa yake haikuwa imetuna hata kidogo. Alipoifungua rojo lilimrukia mkononi na harufu ikajaa jikoni. Aliitupa, na akapiga simu bila hasira, akawaambia, “Dada zangu, angalieni hii kitu.” Jioni ileile niliitwa.

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha kila kitu

Nilifika, nikaomba daftari kabla sijaangalia chupa. Nikauliza swali moja: hiyo moja iliyotuna, ni kati ya ngapi? Wakajibu 56. Lakini chupa 31 zilikuwa zimeshauzwa, nyingine siku ya nne tu baada ya kupikwa. Walizokuwa wakiziona kwa macho yao ni 25. Hakuna aliyekuwa akihesabu zile zilizokuwa kwenye makabati ya watu.

Mauzo yalisimama usiku ule. Mwenyekiti na katibu walipiga simu kwa kila mteja waliyemjua na kuwafuata makondakta. Zilirudi 19. Nane zilikuwa zimeshaliwa, na kwa bahati zote zilipashwa moto sana kwenye sufuria kabla ya kuliwa. Sumu ya botulinum, tofauti na spora (bakteria akiwa amelala ndani ya maganda magumu), huharibika kwa kuchemshwa dakika 10. Hakuna aliyeugua. Ukiongeza ile ya mteja aliyepiga simu, zinabaki tatu ambazo hatukuzipata mpaka leo.

Chupa zilizotuna hatukuzifungua. Tulizitia kwenye mifuko miwili miwili na kuzizika kwenye shimo refu, mbali na ziwa na visima. Iliyokuwa inavuja tuliichemsha nusu saa kwanza. Mama mmoja alitaka kuonja kidogo kwenye ncha ya kidole “ajue imeharibika kiasi gani”. Nilimshika mkono. Chakula chenye sumu hii kinaweza kuwa hakina harufu wala ladha mbaya, na kiasi kinachodhuru ni kidogo mno.

Tulipopima badala ya kukisia

Chupa 20 kati ya zilizobaki na zilizorudi tulizipeleka maabara, zikawekwa kwenye joto la nyuzi 35 kwa siku 14. Sita zilitoa gesi. Ndani yake walionekana bakteria wa spora wanaoota pasipo hewa. Kipimo cha sumu yenyewe hakikufanyika, hivyo sitasema tulikuta botulinum. Nasema tulikuta kwamba njia iliyotumika haikuua spora, na kwa chakula cha aina hii hilo linatosha kukizuia kuuzwa. pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka asidi ikizidi, ilikuwa 5.6 kwa samaki na rojo. Mpaka unaotumiwa na wengi ni 4.6: chini ya hapo spora ya botulinum haioti.

Halafu tukaazima kifaa kidogo cha kurekodi joto, ukubwa wa kitufe cha koti, tukakifukia katikati ya kipande cha samaki, katikati ya chupa, na tukarudia mkupuo uleule, mkaa uleule, dakika 30 zilezile. Kifaa cha pili kikakaa kwenye mvuke.

Mvuke ulifika nyuzi 113. Katikati ya samaki joto lilifika 108, na kwa dakika chache tu.

Mwanachama wa zahanati alinyamaza muda mrefu. Alijua namba ya kule zahanati ni nyuzi 121.

Kwa nini 108 haitoshi

Bakteria anayeota na kula hufa kirahisi. Nyuzi 75 zinammaliza. Spora ni kitu kingine. Mazingira yakiwa magumu, bakteria hujikunja ndani ya maganda, hutoa sehemu kubwa ya maji kwenye kiini chake na kukijaza chumvi ya kalsiamu. Kiini kikavu hakiungui kirahisi. Hali chakula, haongezeki, analala tu akisubiri.

Spora za botulinum zilizo sugu zaidi, kwenye nyuzi 121, hupungua hadi sehemu moja ya kumi kila baada ya dakika 0.2 hivi. Viwanda vya makopo huzipunguza namna hiyo mara 12 mfululizo, yaani dakika 2.5, na kwa desturi huandikwa dakika 3. Sasa, kila joto likishuka nyuzi 10, muda unaotakiwa huzidishwa mara kumi. Kwenye 111 unahitaji dakika 30. Kwenye 101 unahitaji saa tano. Na Mwanza, iliyo zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji hayafiki hata 100: yanachemkia kwenye 96 hivi. Kwa joto hilo ungechemsha karibu saa 16 kupata kazi ya dakika tatu za 121. Kinamama walichemsha saa mbili.

Tulijumlisha kazi ya kuua kwa kila njia. Saa mbili za sufuria zilitoa kama robo dakika ya 121. Presha kuka, pamoja na furaha yote ile, ilitoa kama nusu dakika. Zilitakiwa tatu.

Hapa ndipo kosa kubwa la kisa hiki lilipo, na si kosa la kina mama peke yao, maana nimelikuta hata kwa watu wenye vyeti. Wengi wanaamini presha ndiyo inayoua. Presha ya kwenye sufuria haiui spora yoyote. Kazi yake ni moja: kuzuia maji yasichemke mapema, ili joto lipande kupita kiwango cha kuchemka. Kinachoua ni joto. Na presha inaweza kuwepo bila joto lake, pale hewa inapobaki ndani. Kizito cha presha kuka hakijui kilichokinyanyua ni mvuke au ni hewa. Kwenye mtungi wa presha ya pauni 15 kwa kila inchi ya mraba, hewa yote ikitolewa mvuke unafika 121 pale pwani. Ikitolewa nusu tu, ni 112 hivi, na kipimo cha presha kinasoma pauni 15 zilezile. Wao waliweka kizito tangu mwanzo, kabla hewa haijatoka.

Mwinuko nao unachukua sehemu yake. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo pauni 15 za hapa, hata bila hewa ndani, zinakupa kama 119 badala ya 121. Tofauti ya nyuzi mbili inaonekana ndogo, ila dakika tatu zinageuka tano. Tulipojaribu kuacha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka kizito, kifaa kilisoma 118.

Kijana wa mwenyekiti alileta hoja ambayo lazima niijibu vizuri, kwa sababu ni ya kweli nusu. Alisoma kwamba nje kuna viwanda vinavyoua vijidudu kwa presha bila moto. Vipo. Vinatumia presha ya megapaskali (kipimo cha presha) 400 hadi 600. Presha kuka inaongeza megapaskali 0.1. Ukizamisha chupa hadi kina kirefu kabisa cha Ziwa Viktoria, kama mita 80, utapata 0.8. Na hata kwenye 600, spora kwenye joto la kawaida hazifi; wanaokufa ni bakteria wa kawaida, hamira na ukungu. Jambo la ajabu ni kwamba presha ya wastani, 100 hadi 200, huziamsha baadhi ya spora, na spora iliyoamka imevua maganda yake, joto la kawaida linaweza kuiua. Lakini hazijiamshi zote kwa pamoja. Kuna zinazoendelea kulala, na hizo chache ndizo tatizo. Ndiyo maana wanaotaka kuua spora kwa presha huiunganisha na joto kali. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula ya Marekani ilikubali njia ya namna hiyo kwa viazi vya kupondwa. Joto halikuondoka hata huko.

Jaribio la ndimu, na unga uliokataliwa

Wazo la pili lilikuwa kuongeza asidi. Tulitengeneza chupa 12 zenye ndimu na siki nyingi. Siku ya pili rojo lilisoma pH 4.3 na watu wakatabasamu. Kesho yake nikaomba tukate kipande cha sangara katikati: 5.3. Baada ya wiki, 4.9. Nyama ya samaki humeza asidi na kuipunguza makali, na kipande kinene kilichokaangwa kina ganda na mafuta yanayochelewesha siki kupenya. Ukipima rojo peke yake utaapa kuwa chupa ni salama, kumbe katikati ya kipande spora inaota kwa raha.

Kuna aliyeleta sodiamu benzoeti, ule unga wa kuhifadhia sharubati. Unafanya kazi kwenye vitu vichachu, na hauui spora iliyolala. Mwingine, kwa nia njema kabisa, alishauri kusaga vidonge vya antibayotiki. Hilo nililikataa kwa sauti. Ni kuwalisha watu dawa wasiyoijua, ni kuzalisha usugu, na spora iliyolala haina habari na dawa hiyo. Hata naisini, kinga halali inayotokana na bakteria wa maziwa na inayotumika kwenye jibini, huizuia spora inapoanza kuota, iliyolala inabaki. Ni msaidizi wa joto na asidi. Kwa samaki wa pH 5.6 ndani ya stoo ya bati nisingeiamini peke yake.

Uamuzi wa mwisho na sababu zake

Kwa nini tusitoe hewa, tukaongeza muda, tukaendelea na presha kuka? Swali hilo tulilijadili siku nzima. Miongozo ya Marekani ya kusindika samaki nyumbani inataka dakika 100 kwa chupa za hadi nusu lita, kwa kizito cha pauni 15 ukiwa juu ya futi 1,000, na ndani ya mtungi mkubwa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Tulijaribu mara mbili. Mara ya kwanza mkaa ulififia dakika ya 40, joto likashuka, na kwa sheria ya kazi hii unaanza kuhesabu upya. Mara ya pili maji yalikaribia kukauka. Kutoa chupa saba kwa saa mbili na mkaa wote huo hakulipi, na njia inayotegemea mtu asipepese macho dakika 100 siku nzima itamwangusha siku moja.

Tuligawa biashara mara mbili. Sangara wa chupa alisimamishwa mpaka upatikane mtambo wa mvuke wenye vali ya kutolea hewa, kipimajoto na kipimo cha presha, na mpaka joto la katikati ya chupa lipimwe. Sangara anayebaki anakuwa kayabo: chumvi nyingi na jua. Humo spora inaweza kuwepo na isiweze kufanya lolote, maana chumvi ikifika asilimia 10 ya maji yaliyomo, haioti.

Kwa upande wa chupa walihamia dagaa. Dagaa ni mwembamba, siki inamfikia katikati upesi. Tulimkausha, tukamchemsha kwenye siki na chumvi, tukamlaza humo usiku kucha, ndipo akaingia chupani na viungo na kuchemshwa dakika 20. Kuchemsha huko kunamaliza hamira, ukungu na bakteria wa kawaida. Spora zinazuiwa na asidi, na tulijiwekea mpaka wetu: dagaa aliyesagwa pamoja na rojo lake asizidi pH 4.2.

Matokeo

Chupa 200 za kwanza za dagaa hazikuuzwa. Zilikaa stoo wiki nane, chini ya bati, zikihesabiwa kila Jumatatu. Haikutuna hata moja. Chupa 15 zilizofunguliwa kupimwa hazikuzidi 4.1. Ndipo maombi ya usajili yakapelekwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, yakiwa na nakala za kurasa za daftari.

Sangara tulimjaribu tena kwenye mtambo wa kuazima: hewa ikatolewa dakika 10, presha ikapandishwa hadi pauni 17 kufidia mwinuko, na kifaa kikasoma 121 kwenye mvuke. Katikati ya chupa ya juu joto lilifika vizuri. Chupa ya chini pembeni, palipo baridi kuliko pote, ilichelewa dakika 11.

Yaliyofaa na yaliyoshindwa

Hatua tatu za mwanzo hazikuwa za kijinga. Vifuniko vilikuwa vibovu kweli, kuongeza muda ni silika nzuri, na presha ilikuwa njia sahihi. Kila hatua ilipunguza chupa zilizotuna, na hapo ndipo tulipotekwa. Kutuna ni dalili ya baadhi ya bakteria wakifikia idadi fulani baada ya siku kadhaa. Njia dhaifu ikiboreshwa kidogo, spora zinapungua, kuota kunachelewa, na kutuna kunahama kutoka stoo kwenda nyumbani kwa mteja. Chupa 14 zilizotuna zilikuwa hasara, lakini zilionekana. Ile moja kati ya 56 ilikuwa hatari zaidi, maana ndiyo iliyofungua mlango wa kuuza. Kuuza kabla ya wiki tatu, wakati kundi la kwanza lilishawaonyesha kwamba kutuna kunachukua hadi wiki tatu, ndilo kosa ambalo daftari lingeweza kulizuia kama lingesomwa.

Lililofaa kuliko yote ni kuandika tarehe, muda na idadi tangu siku ya kwanza, na yule mteja kupokelewa vizuri kwenye simu. Kosa langu ni kwamba nilipima rojo la ndimu kwanza nikaacha watu wafurahi usiku mzima kabla ya kukata samaki.

Mwenyekiti sasa ameweka kamba kwenye stoo. Upande wa kushoto chupa zinasubiri, upande wa kulia zimeruhusiwa, na funguo anayo mwanachama wa zahanati. Ile chupa ya chini pembeni tutaipima tena, safari hii kwa dakika 11 za nyongeza, mtambo ukipatikana.